Kuendesha Llama 3.1 8B kwenye kadi ya GB 6

Anza na hesabu, kupakua kutafuata. Llama 3.1 8B, modeli ya lugha ya Meta, ina vigezo (namba ilizojifunza) bilioni 8. Katika biti 16 kila kigezo hula baiti 2, yaani GB 16 kabla hujauliza swali lolote. Kwa kadi ya michoro kama RTX 2060 yenye kumbukumbu ya GB 6, chukua faili la GGUF (umbizo linalosomwa na programu ya llama.cpp) lililobanwa kwa Q4_K_M, karibu biti 5 kwa kigezo, takriban GB 4.9. Yapo ya Q3, yaliyobanwa zaidi, lakini kwa modeli ndogo hivi ubora hushuka waziwazi. Yajaribu kwa Kiswahili kwanza.

Kinachowaponza wengi ni akiba ya KV, mahali modeli inapotunza mazungumzo. Kuna tabaka 32, kila moja na vichwa 8 vya KV vyenye namba 128. Zidisha: 2 (K na V) × 32 × 8 × 128 × baiti 2, unapata KB 128 kwa kila tokeni (neno au kipande cha neno). Tokeni 8,192 ni GB 1. Muktadha wote, yaani tokeni 131,072 ambazo modeli inaweza kushika kwa pamoja, ni GB 16! Kwa hiyo -c, ukubwa wa muktadha, itaje mwenyewe kwenye amri ya llama.cpp:

llama-server -m modeli.gguf -ngl 99 -c 8192 -fa on -ctk q8_0 -ctv q8_0

Hapo -ngl 99 hupeleka tabaka zote kwenye kadi, na q8_0 hupunguza akiba karibu nusu. Ukizima -fa (flash attention, njia ya kukokotoa inayookoa kumbukumbu), sehemu ya V haibaniki.

Fungua nvidia-smi kando, uone kumbukumbu ya kadi inavyotumika. Kwenye Linux kumbukumbu hiyo ikijaa programu hufa papo hapo, na afadhali iwe hivyo. Kwenye Windows draiva ya NVIDIA inaweza kuhamishia ziada kwenye RAM kimyakimya: hakuna kosa linaloonekana, ila maneno yanadondoka moja moja, na lawama zinaiangukia modeli.

Ikizidi, funga kivinjari, shusha -c hadi 4096, weka -ub 256 (idadi ya tokeni zinazochakatwa kwa mpigo). Kupunguza -ngl kuwe kwa mwisho kabisa. Kila tokeni hulazimu kusoma tabaka zote. RTX 2060 husoma GB 336 kwa sekunde, DDR4-3200 ya njia mbili GB 51.2 tu. Tabaka 8 zikibaki RAM, muda wa tokeni unafika karibu mara 2.4. Na mashine yenye kipande kimoja cha RAM hupata GB 25.6, basi ongeza cha pili kabla ya kuwaza kadi mpya.