Antena ya chaneli za bure: pima kwanza, nunua baadaye

Huu ni mwongozo wa kunasa Citizen, KBC, NTV, KTN na wenzao nchini Kenya bila kulipia mwezi. Aliye kwingine Afrika Mashariki anaweza kufuata hatua hizi pia, ila majina ya mitambo ya kurushia yatabadilika.

Hatua ya 1: Kagua TV au king'amuzi

Tafuta maandishi DVB-T2, yaani mfumo wa TV ya dijitali unaotumika Kenya, kwenye boksi au nyuma ya TV. Neno "digital" peke yake halitoshi, kwa sababu zipo TV za mtumba zenye DVB-T ya zamani, na hizo hazitafungua kitu. King'amuzi cha dishi nacho hakifai kwa kazi hii. Antena yenyewe haina udijitali wowote. Ni vyuma vilivyokatwa kwa kipimo. Anayekuuzia "antena ya dijitali" kwa bei ya juu anakuuzia kibandiko.

Hatua ya 2: Jua mtambo uko upande gani

Chaneli hazirushwi moja moja. Hufungwa pamoja kwenye fungu na kurushwa na msambazaji: Signet ya KBC, PANG, au ADN, ambayo ni ya Royal Media, Nation na Standard. Kila fungu lina masafa yake, na si lazima yote yatoke kwenye mlingoti mmoja. Ndiyo maana unaweza kupata KBC safi huku Citizen, NTV na KTN zikikosekana kwa mpigo. Hapo hakuna chaneli iliyofungwa. Antena yako haioni fungu la ADN, basi.

Nairobi antena nyingi huelekezwa Limuru. Kwingineko, tazama paa za majirani, lakini fuata zile tu ambazo unajua zinafanya kazi. Paa nyingi bado zina antena za enzi za analojia zinazotazama mtambo uliozimwa zamani. Angalia pia kama vijiti vyao vimelala au vimesimama, na vyako viwe hivyo hivyo. Vijiti vilivyolala vikipokea mawimbi yaliyosimama, sehemu kubwa ya nguvu hupotea hata mwelekeo ukiwa sahihi kabisa.

Dira ya simu husaidia, ila usiisomee juu ya mabati. Shuka, simama uwanjani, chagua alama ya mbali kama mti au kilima, kisha panda uilenge hiyo.

Hatua ya 3: Chagua aina

Beba rula dukani. TV ya bure hutumia UHF, kuanzia megahezi 470 hadi 694, na vijiti vya antena yake huwa kati ya sentimita 15 na 33 hivi. Ukiona vijiti vya mita moja na zaidi, hiyo ni ya VHF, mabaki ya analojia. Iache.

Mjini, mtambo ukiwa ndani ya kilomita 20 hivi na hakuna jengo linalokuziba, chukua log-periodic, ile yenye mabomba mawili sambamba na vijiti vinavyofupika kuelekea mbele. Uwezo wake wa kunasa (gain) si mkubwa, lakini inapokea masafa yote kwa usawa, na ukikosea mwelekeo kidogo haikuadhibu. Mimi ndiyo ninayoanza nayo karibu kila mara. Ukiwa mbali zaidi, nunua Yagi ndefu, ile yenye bomba moja na safu ya vijiti 12 au zaidi; hii lazima ilengwe barabara. Antena ya ndani ni ya aliye karibu sana na mtambo na ana dirisha linalotazama huko. Chini ya paa la mabati ni kupoteza hela.

Usiamini boksi. Gain hupimwa kwa desibeli: log-periodic ya kawaida huwa na 6 hadi 8, na Yagi nzuri 10 hadi 14. Palipoandikwa 35, wamejumlisha busta, yaani kikuza mawimbi, humo humo. Na "kilomita 500" ni hadithi: chukua urefu wa mtambo kutoka usawa wako kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, jumlisha na kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako, kisha zidisha kwa 4.1 upate umbali kwa kilomita. Mtambo wa mita 100 na antena ya mita 9 ni 10 na 3, yaani 13, sawa na kilomita 53 hivi. Vilima na majengo hupunguza zaidi.

Hatua ya 4: Kebo

RG6 ya omu 75, yenye wavu mzito chini ya ganda. Ile nyembamba yenye nyuzi chache za kuhesabika huingiza kelele za taa na chaja. Hata RG6 nzuri hupoteza karibu desibeli 4 kwa mita 20, kwa hiyo usiache mzunguko wa kebo nyuma ya TV eti utasaidia siku ukihama.

Hatua ya 5: Busta, na kwa nini mara nyingi ndiyo tatizo

Jaribu bila busta kwanza. Hili ndilo linalokula mchana mzima wa watu, kwa hiyo soma taratibu.

Menyu ya king'amuzi huonyesha vipimo viwili: nguvu na ubora. Kinacholeta picha ni ubora. Nguvu 95 na ubora 15, picha ikiganda na kukatika vipande, maana yake mara nyingi ni kwamba king'amuzi kimezidiwa. Busta ya desibeli 20 huongeza nguvu mara 100, na haibagui: inakuza pia minara ya simu, maana masafa ya 700 na 800 yaliyokuwa ya TV sasa ni ya simu. Antena iliyoandikwa 470–862 inayapokea yote. Ukikaa karibu na mnara, unahitaji chujio la 4G kabla ya busta. Busta kubwa zaidi itazidisha balaa.

Busta hufungwa juu, karibu na antena. Ikikaa nyuma ya TV inakuza mawimbi yaliyokwisha kuchoka pamoja na kelele za kebo. Nguvu itapanda, ubora utabaki pale pale.

Kisha umeme wake. Nyingi hulishwa volti 5 kupitia kebo hiyo hiyo, na lazima uwashe "Antenna Power" kwenye menyu. Busta isiyo na umeme haipitishi mawimbi vizuri. Inayaziba, na utapata matokeo mabaya kuliko ungekuwa huna kabisa. Kinyume chake, ukiwasha umeme huo kwenye antena isiyo na busta, king'amuzi kinaweza kulalamika kwamba kuna shoti, kwa sababu antena nyingi za Yagi zimeunganika kwa ndani. Uzime. Na spilita (kigawanya kebo kwa TV zaidi ya moja) ikikaa katikati, hakikisha ina tundu linalopitisha umeme, la sivyo busta italala njaa.

Kabla hujalaumu busta, fungua konekta. Uzi mmoja wa wavu ukigusa waya wa kati, umeme na mawimbi vyote vimekatika. Kunja nyuzi zote nyuma juu ya ganda, acha plastiki nyeupe ifike usawa wa mdomo wa konekta, na waya wa kati utokeze milimita 3.

Hatua ya 6: Kulenga

Usitumie kutafuta chaneli kiotomatiki. Ingia utafutaji wa mkono. Masafa ya kila chaneli ya UHF ni namba yake mara 8, jumlisha 306: chaneli ya 21 ni megahezi 474, ya 30 ni 546. Upana wa chaneli (bandwidth) ni megahezi 8. Zungusha antena kidogo, subiri sekunde kadhaa kwa sababu kipimo huchelewa, kisha endelea. Ubora ukiwa juu kwenye fungu moja, pima mafungu mengine kabla hujakaza skrubu. Fungu moja likikataa, inua au shusha antena nusu mita. Mjini mawimbi yanayodunda kutoka kwenye magorofa hufanya nusu mita iwe na maana.

Hatua ya 7: TV ya pili

Spilita ya njia mbili hula desibeli 4 kila upande. Ikiwa ubora umebaki wa kubahatisha, funga antena ya pili. Ni rahisi kuliko kuhangaika na busta.