SOMO: Rapa, maliza makaratasi kabla wimbo haujatoka

Wakuu, salaam. Masomo mengi ya rap yanaishia kwenye vina na mtiririko. Hayo nitayagusa, lakini kinachowaliza wachanaji wengi si mistari mibovu. Ni wimbo kubamba kila kona halafu aliyeuchana hana pa kudai. Kwa hiyo hatua ya 2 na ya 3 nimezirefusha makusudi, zilizobaki tunapita mbio.

HATUA YA 1: VESI

Vesi iliyozoeleka ina baa 16. Kila baa ina mapigo manne, jumla 64. Kwenye biti (muziki unaochania juu yake) ya mapigo 90 kwa dakika hizo ni sekunde 43 hivi, na humo humo upumue. Ukimaliza kuandika, chukua kalamu ya rangi nyingine uweke mkwaju (/) kila utakapovuta pumzi. Ukikuta mistari mitatu haina hata mkwaju mmoja, studio utairekodi vipande vipande na itaunganishwa, ila jukwaani itakuumbua. Punguza silabi.

Kuhusu vina: maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu na mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana kina cha silabi moja ni hafifu. "Safari" na "jeuri" vinakutana kwenye "ri" tu, sikio halishtuki. "Safari" na "habari" vinagonga. Na neno zito liweke kwenye pigo la nne, usiweke "pia" pale.

HATUA YA 2: BITI NI YA NANI?

Biti nyingi za mtandaoni hazinunuliwi, zinakodishwa. Ni kama nyumba ya kupanga: unaishi humo, lakini kuna masharti na mwenye nyumba anaweza kumpangisha mwingine chumba cha pili. Soma leseni yote. Tafuta mambo haya: ukomo wa mara za kusikilizwa, muda wa leseni, kama unaruhusiwa kupiga video na kufanya shoo za kulipwa, na kama biti itaendelea kuuzwa kwa wengine. Ukitaka uwe peke yako, lipia umiliki wa pekee na uhakikishe maandishi yanasema hivyo. "Tumeelewana" ya kwenye simu haitakusaidia.

Kisha muulize prodyuza swali moja kwa maandishi: humu ndani kuna sampo, yaani kipande cha rekodi ya mtu mwingine? Rapa wa Marekani Lil Nas X alinunua kwa dola 30 biti ya "Old Town Road", wimbo uliokuja kukaa wiki 19 namba moja kwenye chati ya Billboard Hot 100 mwaka 2019. Ndani yake kulikuwa na kipande cha bendi ya Nine Inch Nails. Mwisho wa yote watunzi wa kipande hicho, Trent Reznor na Atticus Ross, wakaingizwa kwenye orodha ya watunzi. Lil Nas X aliangukia pazuri. Mwaka 1991 rapa Biz Markie alishtakiwa Marekani kwa kutumia sampo ya mwimbaji Gilbert O'Sullivan bila kibali, akashindwa, na mahakama ikazuia rekodi isiendelee kuuzwa. Tangu hapo lebo kubwa zikawa hazigusi sampo isiyo na kibali.

HATUA YA 3: KARATASI YA MGAWANYO

Hapa ndipo urafiki unapovunjikia. Wimbo mmoja ni mali mbili. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na muziki wenyewe. Ya pili ni rekodi, ile masta iliyotoka studio. Kila moja ina hakimiliki yake na mirabaha yake (malipo ya kutumiwa kwa kazi), na mwenye moja si lazima awe na ya pili. Anayelipia studio mara nyingi ndiye anayedai masta. Sasa kama prodyuza alikurekodi "bure, tutajuana mbele", tayari mna mjadala.

Karatasi yenyewe ni ukurasa mmoja tu. Jina la wimbo na tarehe. Majina halisi ya wote, si ya usanii peke yake. Asilimia za utunzi zikijumlishwa zifike 100. Asilimia za masta nazo zifike 100. Sahihi. Desturi ya wengi kwenye rap ni nusu ya utunzi kwa mwenye maneno na nusu kwa mwenye biti, lakini ni desturi, mnaweza kupanga vingine. Mkinyamaza, sheria itawapangia: Marekani, kwa mfano, watunzi wenza wasio na makubaliano huhesabiwa kuwa na hisa sawa, hata kama mmoja alichangia mistari minne.

Isainiwe siku ile ile, kabla watu hawajatoka studio. Wimbo ukishapata jina, kila mtu anakumbuka alichangia zaidi.

HATUA YA 4: KUACHIA

Chukua kwa prodyuza faili za WAV (sauti isiyobanwa): wimbo kamili, biti tupu, na toleo la shoo lenye kiitikio na sauti za nyuma bila sauti yako kuu. Hilo la mwisho wengi wanalisahau, halafu jukwaani wanachana juu ya sauti yao wenyewe. Akaunti ya msambazaji, yaani kampuni inayopeleka wimbo kwenye mitandao ya kusikiliza muziki, fungua kwa jina lako na barua pepe yako. Kila rekodi hupewa namba ya ISRC, yaani kitambulisho chake, yenye jumla ya herufi na tarakimu 12. Ihifadhi. Jisajili pia na chama cha kukusanya mirabaha cha nchi yako, maana msambazaji hakusanyi kila kitu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, biti ya YouTube iliyoandikwa "free" si ya bure?

Jibu: Mara nyingi ni bure kwa mazoezi au wimbo usioingiza hela. Ukiuweka sehemu za kulipwa, mfumo unaitambua biti na mapato yanakwenda kwa mwenyewe. Soma maelezo chini ya video.

Swali: Lebo inanipa malipo ya awali 10,000 na mrabaha wa asilimia 20. Nisaini?

Jibu: Fanya hesabu kwanza, fedha yoyote ile. Hizo 10,000 kwa kawaida zinarudishwa kutoka kwenye asilimia 20 yako, kwa hiyo wimbo lazima uingize 50,000 ndipo uanze kuona kitu. Wakiongeza gharama za video kwenye deni, shimo linazidi. Uliza masta inarudi kwako lini, na kama watakata shoo zako pia. Mwanasheria akuangalizie, asiwe yule waliyekuletea wao.

Swali: Nina miaka 33, nimechelewa kaka?

Jibu: 2 Chainz alitoa albamu yake ya kwanza ya peke yake mwaka 2012, akiwa na miaka 34. Killer Mike alibeba Grammy tatu mwaka 2024 akikaribia 49. Ila hao hawakuanza juzi, kwa hiyo usiache kazi inayokulisha.

Swali: Bila mamilioni ya wasikilizaji mtu anaweza kula kupitia rap?

Jibu: Nipsey Hussle mwaka 2013 aliuza nakala 1,000 za mixtape yake kwa dola 100 kila moja, wakati mtandaoni ilikuwa inapatikana bure. Alikuwa na mashabiki wanaomjua kwa miaka. Kusanya namba na barua pepe za watu wako, usitegemee wafuasi tu, akaunti ikifungwa wanapotea nayo.

Swali: Meneja anataka asilimia 20. Ni wizi?

Jibu: Hapana dada, 15 hadi 20 ndiyo kawaida. Muulize ni ya nini: ya pesa yote inayoingia, au ya kinachobaki baada ya gharama? Shoo ikilipa 1,000 na usafiri na dansa vikala 700, asilimia 20 ya mwanzo ni 200 na ya pili ni 60.

Swali: Nyimbo zangu tatu ziko kwenye akaunti ya prodyuza na tumeshakorofishana. Nazihamishaje bila kupoteza idadi ya wasikilizaji?

Jibu: Muombe kwa ustaarabu namba za ISRC za nyimbo zote. Zipandishe kwenye akaunti yako ukitumia namba zile zile, faili zile zile, na majina yaliyoandikwa vile vile mpaka herufi kubwa. Zikishaonekana na hesabu zikiungana, ndipo aziondoe za kwake. Akiziondoa mapema, kila orodha ya nyimbo iliyokuwa nazo inabaki na pengo.