Mkipangiwa Husum: mwongozo kwa familia ya mchungaji inayohamia pwani ya Ujerumani

Kama dayosisi yenu ya KKKT imewapangia usharika wa Nordkirche, kanisa la Kilutheri la kaskazini mwa Ujerumani, huko Husum, au mji mwingine wa pwani ya Bahari ya Kaskazini, pakieni vyeti kabla ya vitenge. Cheti cha ndoa na vya kuzaliwa vya kila mtoto viwe kwenye begi la mkononi, pamoja na kadi za kliniki. Tangu Machi 2020 sheria inataka mtoto anayeingia chekechea au shule athibitishe kuwa amechanjwa surua au ana kinga yake, na kadi isiyosomeka itawapeleka kwa daktari upya.

Ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia, jiandikisheni ofisi ya wakazi. Mtahitaji barua ya mwenye nyumba; mkikaa nyumba ya usharika, usharika ndio utakaoitoa. Namba ya kodi, benki na bima ya afya hufuata baada ya hapo. Siku hiyohiyo bandikeni majina yenu kwenye sanduku la barua, maana Ujerumani mambo mazito bado huja kwa posta, na tarishi hana habari na mtu asiye na jina mlangoni. Leseni ya Tanzania au Kenya hutumika miezi 6 tu, kisha ni mtihani upya, wa nadharia na wa barabarani, na gharama yake si mchezo. Kusomeshea watoto nyumbani hakuruhusiwi. Kuwatoa shuleni kabla ya likizo ili mpate tiketi ya bei nafuu nako kunaweza kuwaletea faini.

Sasa tuje kwa mama. Nyumbani mke wa mchungaji ana kiti chake: anaongoza kina mama, anajua nani kafiwa na nani kajifungua, mtaa mzima unamwita mama mchungaji. Husum hakuna atakayemtafuta. Wenza wa wachungaji wa huko wana kazi zao, hospitalini au ofisini, na usharika hauwadai chochote. Kwao hiyo ni heshima. Kwa aliyezoea nyumba iliyojaa wageni, ni upweke mtupu. Mchungaji ana ratiba na mialiko. Mama ana dirisha na mvua ya Novemba. Familia zinazorudi kabla ya muda, mara nyingi shida ilianzia hapo dirishani.

Kwa hiyo Kijerumani aanze kabla ya safari. Viza ya mwenza mara nyingi hudai cheti cha A1, ngazi ya kwanza ya lugha, na Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani inayofundisha Kijerumani, ipo Dar es Salaam na Nairobi. Mkifika, ulizieni kozi ya serikali kwa wageni, iitwayo Integrationskurs, yenye vipindi 600 vya lugha. Kisha tazameni kadi yake ya ukaazi: ikiwa imeandikwa Erwerbstätigkeit erlaubt, ana ruhusa ya kufanya kazi. Kama ni muuguzi au mwalimu, apeleke vyeti vikatambuliwe mapema, kwani shughuli hiyo huchukua miezi. Na kama pesa inatosha mwalimu wa lugha wa mtu mmoja tu, mpeni mama; baba kazi yenyewe itamfundisha. Kwaya nayo ni njia nzuri, maana mwenye sauti ya alto haulizwi sarufi.

Jumapili msishtuke kukuta wazee wachache kwenye kanisa la kuketi mamia. Maziko, ubatizo na Kipaimara ndivyo vinavyowaleta watu. Sadaka ni ndogo kwa sababu waumini hukatwa kodi ya kanisa, ambayo jimbo hili ni asilimia 9 ya kodi yao ya mapato. Baada ya ibada hakuna mnada wa kuku na mikungu ya ndizi. Kuna kahawa na keki, na hapo kwenye kahawa ndipo mtajuana na watu. Kumtembelea muumini bila miadi, acheni kabisa.

Aliyekulia Tanga au Bagamoyo atadhani bahari hii anaijua. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kama kwetu, tofauti ikizidi mita 3, na bandari ya ndani ya Husum hubaki tope, mashua zimelala. Lakini kwenye tambarare ya matope, wanayoiita Watt, maji yakirudi huanza kujaza mifereji iliyo nyuma yenu, na ukungu hushuka ghafla. Msiingie bila kiongozi anayeijua njia, na watoto waambiwe siku ya kwanza. Dharura ni 112. Kwa daktari wa usiku, kama hali si ya kufa na kupona, pigeni 116117. Mkipita kwenye tuta la kuzuia bahari fungeni lango: kondoo wanaolisha hapo wako kazini, kwato zao hushindilia udongo.

Desemba jua huchomoza saa tatu kasoro na kuzama saa kumi alasiri. Juni, saa nne usiku bado kweupe, hivyo nunueni mapazia mazito. Jumapili maduka mengi hufungwa. Mchele na tui la kopo vipo popote, ila unga wa ugali na ndizi za kupika ni Hamburg, kama saa mbili kwa treni. Bandarini kuna kamba wadogo, wakubwa kidogo kuliko uduvi, waliochemshwa humohumo chomboni na kuuzwa na maganda yao. Shika kichwa na mkia, zungusha kidogo, vuta. Wakipikwa tena huwa kama mpira, kwa hiyo watieni kwenye wali wa nazi ukishaiva.