Kabla Hujalipia Mbwa, Muone Mama Yake

Muuzaji akikuambia mkutane kwenye kituo cha mafuta pale Lanet, hapa Nakuru, au kwamba atamtuma mtoto wa mbwa kwa bodaboda ukishalipa kwa M-Pesa, usilipe.

Jambo la kwanza, na kwangu linayazidi mengine yote, ni kumwona mama akiwa na wanawe pale pale wanapolelewa. Picha haitoshi. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, na jike hupata joto, yaani huwa tayari kupandwa, takriban kila miezi sita, kwa hiyo mwenye tamaa humzalisha mfululizo mpaka mwili unakwisha. Jike wa namna hiyo haonyeshwi mgeni: mbavu nje, manyoya yamenyonyoka kwa kulala kwenye saruji, akisikia komeo anajikunyata. Ndipo visingizio vinapoanza, mara mama yuko shamba Njoro, mara ni mkali. Mkali si hufungwa kamba ukamtazama kwa mbali? Wapo pia wanaoweka jike mnene wa kuazima. Tazama kama chuchu zake zimejaa kwa kunyonyesha, kisha uone kama watoto wanamkimbilia.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Niliambiwa mtoto ana wiki nane, nikampakata hadi Kiamunyi kwa furaha. Siku ya tatu akaanza kutapika na kuhara damu. Daktari wa mifugo alimfungua kinywa, akatazama meno, akasema hata wiki sita hajafika. Ilikuwa parvo, ugonjwa ambao kwa kawaida hujitokeza siku tatu hadi saba baada ya virusi kuingia, maana yake huenda alitoka nao kwao. Alikufa. Namba ya muuzaji haikupatikana tena.

Kwa hiyo asiachishwe mama kabla ya wiki nane. Kadi ya chanjo iwe na stika za dawa, tarehe na mhuri wa daktari, nawe umpigie daktari huyo. Chanjo ya parvo huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa mpaka kama wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akifika miezi mitatu, kisha unairudia kila mwaka. Kadi iliyojazwa yote kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, itilie shaka.

Kuhusu aina, jiulize unataka nini. German Shepherd hula sana na nyonga zake husumbua. Japanese Spitz na manyoya yale mazito, umpeleke Kisumu akateseke na joto? Kama shida ni wezi, chotara au wa kienyeji atabweka vilevile. Kama umepanga, mwulize mwenye nyumba kwanza.

Kigumu kuliko vyote ni huruma. Utafika umkute mtoto mnyonge, macho yana tongo, useme namwokoa huyu tu. Pesa hiyo ndiyo itakayomrudisha mama yake kwa dume. Ondoka, uripoti. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inaruhusu mtu kushtakiwa, na polisi au ofisi ya mifugo ya kaunti ndiko pa kuanzia. KSPCA, shirika la kutetea wanyama, nao wana tawi Naivasha, na hutafutia makao mbwa waliookolewa. Uingereza waliwabana madalali tangu Aprili 2020: huko England dalali haruhusiwi kuuza mbwa wa chini ya miezi sita, sheria iliyopewa jina la Lucy, jike aliyeokolewa kwa wafugaji wa aina hii.

Niliye naye sasa ni chotara kutoka Bahati. Mama mwenye boma alinikalisha jikoni karibu saa nzima akinihoji: una ua? Nani atamlisha ukisafiri? Utamfunga kizazi lini? Nilikereka, maana nilikuwa nimekuja na pesa mkononi. Akanionyesha jike lake, akanipa chai, akaniambia, "Mwanangu, rudi baada ya wiki mbili. Bado wananyonya."