Somo: Jinsi ya kuichora nasaba ya wafalme wa Kent

Kent ilikuwa ufalme wa kale kusini-mashariki mwa Uingereza, ufalme wa Waanglo-Saksoni, watu waliohamia huko kutoka bara la Ulaya. Wengi huanza na Hengest, anayesemekana kuwa kiongozi wao wa kwanza, kule juu, kisha wakashuka. Nakushauri uanze na mtu ambaye habari zake zimesimama imara, ndipo upande na kushuka.

Hatua ya 1. Mweke mfalme Æthelberht wa Kent katikati ya karatasi. Ndiye aliyempokea Augustine, mmisionari Mkristo kutoka Roma, mwaka 597, akafariki 616. Pembeni yake mwandike mkewe Bertha, binti wa Charibert, mfalme wa Wafaranki aliyekaa Paris. Usimsahau dada ya Æthelberht, Ricula, mama wa Sæberht mfalme wa Essex, ufalme wa jirani. Orodha za wafalme huwaruka wanawake hawa, na bila wao huelewi Kent ilikuwa na undugu na nani.

Hatua ya 2. Panda. Bede, mtawa wa Northumbria (ufalme wa kaskazini mwa Uingereza) aliyemaliza historia yake mwaka 731, anatoa mlolongo huu: Æthelberht bin Eormenric bin Octa bin Oeric, aliyeitwa pia Oisc, bin Hengest. Ukoo wote ukaitwa Oiscingas kwa jina la huyo Oisc. Eormenric mwandike kwa wino. Waliomtangulia waandike kwa penseli, kwa sababu maandishi ya karne ya 9 ya Wabritoni, wenyeji waliokuwapo kabla ya Waanglo-Saksoni, yanamweka Octa kuwa mwana wa Hengest, na Ossa baada yake. Juu ya Hengest wapo Wihtgisl, Witta, Wecta na Woden. Woden alikuwa mungu wa Waanglo-Saksoni, na koo zao nyingi za kifalme zilijinasibisha naye ili kuhalalisha utawala.

Hatua ya 3. Shuka. Eadbald (616–640), Eorcenberht (640–664), Ecgberht (664–673): baba, mwana, mjukuu. Kisha mstari unakwenda kando, maana Hlothhere alikuwa ndugu wa Ecgberht. Mwaka 685 Eadric bin Ecgberht alipigana na baba yake mdogo huyo, na Hlothhere akafa kwa majeraha. Baadaye alitawala Wihtred, mwana mwingine wa Ecgberht, hadi 725.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, Hengest aliishi kweli?

Bede mwenyewe anasema tu kwamba Hengest na nduguye Horsa "wanasemekana" kuwa viongozi wa kwanza, naye aliandika zaidi ya miaka 250 baadaye. Mwache kwenye penseli.

Nimesoma Eadbald alimwoa mke wa baba yake. Ni Bertha?

Hapana, ndugu yangu. Ni mke mwingine wa Æthelberht, ambaye jina lake halikuandikwa. Eadbald alimwacha alipobatizwa.

Je, damu ya Kent ilifika Northumbria?

Ilifika. Æthelburh binti Æthelberht aliolewa na mfalme Edwin. Binti yao Eanflæd akaolewa na Oswiu, wakamzaa Ecgfrith, aliyetawala Northumbria hadi alipouawa vitani mwaka 685. Kwa hiyo acha nafasi ya kutosha upande wa kulia wa karatasi.