Somo: Kumwinda choroa jangwani kwa bastola, ukitokea Nairobi

Nimeandika hili ili nipumzike. Tangu nirudi kutoka Kalahari na picha mbili tatu za choroa, yule swala mkubwa wa pembe ndefu, kwenye simu, kila Jumamosi pale uwanja wa shabaha wa Kirigiti lazima mtu anivute kando: "Mzee, ile kitu ulifanyaje?" Naeleza mpaka chai inapoa, na wiki inayofuata anakuja mwingine na swali lile lile. Someni hapa. Tukikutana uwanjani tupige shabaha tu.

Hatua ya kwanza: sahau Kenya. Uwindaji ulipigwa marufuku hapa mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikufungua mlango. Si Chalbi, si Kajiado, si kwenye ranchi ya mjomba wako Laikipia.

Hatua ya pili: nchi na shamba. Tanzania wanawinda, lakini kwa bunduki ndefu. Namibia ina jangwa zuri kuliko yote, ila bastola haivuki mpaka wake. Mimi nilikwenda Afrika Kusini, mkoa wa Northern Cape, kwenye mashamba binafsi ya Kalahari. Nasema mashamba, si ndani ya hifadhi ya Kgalagadi. Mgeni pale haruhusiwi kuwinda peke yake: lazima kampuni iwe na leseni, na mwindaji mtaalamu atakayeongozana nawe awe na yake pia. Agiza majibu kwa maandishi: bei ya siku, bei ya kila mnyama, na nini kinatokea ukimjeruhi akapotea. Jibu la hilo la mwisho nakupa bure: unamlipia kana kwamba umemwangusha.

Hatua ya tatu: makaratasi. Viza hatuhitaji tangu Januari 2023, siku 90 kwa mwaka. Kadi ya homa ya manjano lazima, na sindano iwe imechomwa angalau siku 10 kabla. Mwenzetu mmoja aliisahau kwenye droo Buruburu, akatupungia mkono akiwa upande wa pili wa kaunta.

Hatua ya nne: acha bastola yako nyumbani. Kuitoa nchini kuna vibali vyake, kuiingiza kule kuna fomu ya polisi inayoitwa SAPS 520, na baada ya usumbufu wote huo utakuwa umebeba tisa milimita, ambayo si silaha ya mnyama wa kilo mia mbili na zaidi. Risasi yake ina uzito wa gramu 8 hivi. Ya .44 Magnum ni kama gramu 15 na nusu, na inatoka mtutuni kwa zaidi ya mita 400 kwa sekunde. Sheria ya silaha ya kule, ya mwaka 2000, inamruhusu mwenye silaha kukuazima mradi asimame hapo hapo akikusimamia. Nilikodi rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya .44 yenye mtutu mrefu na darubini ya nukta nyekundu. Omba siku mbili za mazoezi nayo shambani kabla ya kumtafuta mnyama yeyote, kwa sababu hapa Nairobi huna pa kuizoea.

Hatua ya tano: ujue mita zako. Chukua sahani ndogo ya karatasi, ile ya keki, upana wa sentimita 15. Keti chini, viwiko ndani ya magoti, au egemeza mikono kwenye fito tatu zilizofungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Piga risasi tano. Umbali wa mwisho ambao zote tano zinaingia kwenye sahani, ndio umbali wako wa kuwinda. Si nne kati ya tano. Wangu ulikuwa mita 60. Kumbuka pia kwamba .44 iliyorekebishwa kwa mita 50 itakuwa imeshuka takriban sentimita 15 ikifika mita 100, yaani sahani nzima. Anayekuambia alimpiga choroa mita 150 kwa rivolva akiwa amesimama, mnunulie soda umsikilize, lakini usimfuate.

Hatua ya sita: mahali pa kulenga. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo keti vizuri.

Choroa wa Kalahari ni binamu ya wale unaowaona Samburu na Tsavo, ila ni mzito zaidi, na mstari mweusi wa ubavuni ni mpana. Ana nundu mabegani. Nundu hiyo inadanganya. Jicho linaona mwili mrefu kwenda juu, linagawanya katikati, na mkono unalenga pale katikati. Lakini sehemu kubwa ya juu pale ni mifupa mirefu ya mgongo na nyama. Moyo uko chini kabisa, karibu na kiwiko cha mguu wa mbele, na mapafu yako mbele kuliko unavyodhani.

Siku ya pili, kwenye saa tatu asubuhi, tulitambaa nyuma ya tuta la mchanga mwekundu mpaka magoti yakawa hayana ngozi. Jike alikuwa amesimama ubavu, pembe ndefu nyembamba (majike ndio wenye ndefu). Mtaalamu akaninong'oneza: sabini. Umbali wangu ni sitini, nimewaambia hapo juu. Nikajiambia kumi si kitu. Nikalenga katikati ya bega, nikafyatua, akaanguka kama gunia la mahindi lililokatwa kamba. Nikageuka kumpa mtaalamu mkono. Hakuupokea. Alikuwa anapiga kelele nipige tena. Nilipogeuka, choroa alikuwa amesimama. Kisha hakuwepo.

Risasi ilipita juu, ikaugusa uti wa mgongo bila kuuvunja. Mnyama wa namna hiyo huzimia sekunde chache, halafu huamka na kuondoka kana kwamba amekumbuka miadi. Tulimfuata zaidi ya saa tano. Mfuata nyayo, mzee mmoja mkimya, alikuwa akiokota tone la damu ukubwa wa kichwa cha kiberiti kila mita hamsini, na kila alipookota alinitazama. Mwisho alimalizwa kwa bunduki ya mtaalamu, mbali sana na uwezo wangu. Nililipa bei kamili, na jioni hakuna aliyenitania, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko utani.

Kwa hiyo: fuata mguu wa mbele kwa macho kutoka chini kwenda juu, ukiingia mwilini panda theluthi moja tu, simama hapo. Asipokuwa ubavu, subiri. Akianguka papo hapo bila kupiga hatua, usishangilie, piga tena. Ukimkaribia aliyelala, pitia mgongoni, kamwe si mbele: pembe zile zimewahi kuua simba, na choroa aliyejeruhiwa anajua kuzitumia. Na mita moja juu ya umbali wako ni mita moja ya kumtesa mnyama.

Siku ya nne nilipata dume mita 45. Sina hadithi, alikwenda hatua thelathini akalala.

Hatua ya saba: upepo na joto. Beba kimfuko cha majivu, kitikise kila dakika chache uone yanaelekea wapi. Kuanzia saa nne, saa tano hivi, mazigazi yanaanza kucheza juu ya mchanga na mnyama anaonekana akielea chini ya nukta yako nyekundu; pumzika mpaka saa kumi.

Hatua ya nane: pembe ziache huko. Kuingiza nyara za wanyamapori Kenya bila kibali ni kosa, na sijui mtu mwenye akili anayetaka kuelezea pembe za choroa pale uwanja wa ndege wa JKIA. Nyama hubaki shambani. Kula ukiwa huko.

Maswali sasa. Wasiosoma nitawajua.

---

Kobe wa Rongai: Niko na bastola ya Ceska, cheti kiko sawa. Nikishuka Kajiado usiku nipige swala mmoja tu wa nyama, nani atajua?

Mwandishi: Hatua ya kwanza.

Kobe wa Rongai: Nimeisoma. Nilikuwa nauliza tu.

Mwandishi: Isome tena. Na ukishikwa, hatujuani.

Jicho Moja: Jumla ni pesa ngapi?

Mwandishi: Hatua ya pili. Waulize wenye shamba.

Jicho Moja: Si useme tu kwa makadirio, mbona unaficha?

Mwandishi: Sifichi. Bei hubadilika kwa shamba na kwa mnyama. Nikitaja yangu, kesho utaniambia nilikudanganya. Tena yangu ilikuwa ya choroa wawili, mmoja wa aibu.

Mama Zawadi: Mzee, mimi silengi chochote, mume wangu ndiye anayekuja Kirigiti. Lakini nimesoma yote na kuna kitu sielewi. Kama bunduki ndefu inaua kwa uhakika zaidi na kwa mbali, kwa nini bastola? Si ni kumwongezea mnyama hatari?

Mwandishi: Mama, hilo ndilo swali nililopaswa kuulizwa na hawa wengine. Nitakujibu bila kupaka rangi. Sehemu moja ni majivuno, siwezi kukataa. Sehemu ya pili ni kwamba bastola inakulazimisha usogee. Mita mia mbili unamwona mnyama kwenye kioo. Mita arobaini na tano nilimsikia yule dume akitafuna, na inzi niliwasikia. Ukikosea kidogo njiani ameshakunusa na ameondoka mzima, na siku nyingi ndivyo ilivyokwisha: mimi mchangani, yeye anaenda zake. Lakini una haki, mzigo wa kosa anabeba yeye. Ndiyo maana nasema kuhusu sahani na mita. Mume wako asipotaka mazoezi hayo, achukue bunduki ndefu, hakuna atakayemcheka.

Mama Zawadi: Asante. Nitampa asome hilo la sahani.

Mkono Mzito: .44 ni ya watoto. Choroa anataka .500.

Mwandishi: .500 ya Smith & Wesson ilitoka 2003, na choroa walikuwa wakianguka kwa .44 miaka mingi kabla ya hapo. Nguvu inayo, sibishi. Teke pia inalo. Mtu anayelijua teke huanza kufumba macho kabla ya mlio, na mtutu unainama. Kama huamini, mwambie mwenzako akujazie silinda akichanganya risasi na maganda matupu bila wewe kuona. Ikifika kwenye ganda, utaona mkono wako unavyochimba viazi.

Mkono Mzito: Mimi sichimbi viazi.

Mwandishi: Jaribu halafu urudi.

Fundi Redio: Nimezoea Ceska, vidole gumba vyote viwili mbele. Nimesikia kwa rivolva mshiko ni tofauti. Kweli?

Mwandishi: Kweli kabisa, na umenikumbusha kitu nilichopaswa kukiweka kwenye hatua ya tano. Rivolva ina mwanya mdogo kati ya silinda na mtutu. Kila ukifyatua, gesi ya moto na vumbi la risasi hutoka pale kwa pembeni. Kidole gumba cha Ceska kinakaa hapo hapo. Kwa .44 kitaungua na kukatika ngozi, kwa .500 inaweza kuwa mbaya zaidi. Kunja vidole gumba chini, kimoja juu ya kingine, nyuma ya silinda. Na usiegemeze silinda kwenye fito wala begi lako, gesi itakula begi. Kitu kingine: vaa kinga ya masikio hata ukiwa nyikani, zile za betri zinazokuacha usikie mnong'ono. Mlio wa .44 si wa Kirigiti.

Fundi Redio: Na darubini, jicho linakaa karibu kama ya bunduki?

Mwandishi: Hapana. Ya bastola imetengenezwa uione mkono ukiwa umenyooka. Ukifunga ya bunduki utaona giza, na ukiisogeza karibu uone, itakuchana nyusi.

Mjukuu wa Isiolo: Shikamoo mzee. Babu yangu alikuwa akiwabebea mizigo wawindaji wazungu huko kaskazini kabla ya marufuku. Anasema siku moja tu kazi ikaisha. Wale nao walitumia bastola?

Mwandishi: Marahaba mjukuu. Hapana, wale walikuwa watu wa bunduki ndefu. Bastola kwa wanyama wakubwa ni homa ya Wamarekani: .44 Magnum ilitengenezwa 1955, kisha 1967 wakatoa Contender, bastola ya risasi moja unayoweza kubadilisha mtutu wake. Kuhusu kazi kuisha siku moja, babu hatii chumvi. Chama cha wawindaji wataalamu wa Afrika Mashariki kiliundwa 1934 hapa hapa Nairobi, hoteli ya Norfolk, na kikavunjwa mwaka ule ule wa marufuku, 1977. Wenye chama tunawasoma. Wabeba mizigo, wapishi na wafuata nyayo ni wachache walioandikwa. Chukua simu umrekodi babu yako, umuulize hasa jinsi walivyosoma nyayo kwenye mawe ya kule. Nitakuja Isiolo mwenyewe nikisikia yuko tayari.

Mjukuu wa Isiolo: Atafurahi. Ila anataka miraa kwanza.

Mwandishi: Atapata.

Kipusa: Kule si jangwa? Nimeona umevaa koti kwenye picha.

Mwandishi: Jangwa la Julai, dada. Mchana unavua shati, usiku maji ya kwenye chupa yanaganda. Nilikwenda na jaketi ya bodaboda nikalala na soksi mikononi.

Kipusa: Sasa koti zito Nairobi napata wapi bila kuuza figo?

Mwandishi: Soko la mitumba Gikomba, alfajiri siku wanafungua bale. Toi pia yapo, ila bei imevaa viatu. Chagua lisilotoa sauti ukilisugua, yale ya nailoni yanapiga kelele kama mfuko wa krisps. Na buti za kufunika kifundo, miiba ya kule inapita soli nyepesi.

Kobe wa Rongai: Mzee, na kama ni sungura, si swala?

Mwandishi: Kobe.