Kabla ya dawa ya utumbo inayolenga kinga: uliza inagusa kipokezi gani

Vidonge vya kawaida vikishindwa kuutuliza ugonjwa wa Crohn au kolaitisi ya vidonda, magonjwa sugu ya uvimbe wa utumbo, daktari huanza kutaja dawa zinazolenga mfumo wa kinga. Wengi hukimbilia kuuliza madhara. Mimi ningeanza na swali jingine: dawa hii inazuia nini? Vipimo vya maandalizi hutegemea jibu hilo.

Seli za kinga hupokea amri kupitia vipokezi vilivyo juu yake, tuseme ndiyo masikio yake. Infliximab, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa wa Crohn mwaka 1998, haizibi sikio. Hunasa TNF, protini inayobeba ujumbe wa uvimbe, kabla haijafika kwenye kipokezi. Adalimumab vilevile. Tatizo ni kwamba ujumbe huohuo ndio unaozifanya seli ziendelee kuvizingira vimelea vya kifua kikuu vilivyolala mwilini. Ukikatika, vimelea huamka. Kwa hiyo kipimo cha kifua kikuu kilicholala, cha damu au cha ngozi, pamoja na picha ya kifua, hutangulia sindano ya kwanza. Kikikutwa, kwa kawaida hutibiwa mwezi mmoja au zaidi kabla ya kuanza. Mweleze daktari kama uliwahi kuishi na mgonjwa wa TB, hata zamani sana, kwani steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) unazomeza zinaweza kukifanya kipimo kiseme huna. Tena kifua kikuu cha utumbo hufanana mno na Crohn kwenye kamera ya kuchungulia utumbo. Kama utambuzi wako una mashaka, yaondolewe sasa.

Homa ya ini B nayo hupimwa, maana virusi vilivyotulia vinaweza kurudi. Chanjo zenye vimelea hai, kama za surua na homa ya manjano, huchomwa wiki kadhaa kabla. Ukishaanza dawa nyingi za kundi hili, mlango huo umefungwa.

Vedolizumab ndiyo inayoziba kipokezi chenyewe, integrini alfa-4 beta-7, ambacho seli za kinga hukitumia kushika kuta za mishipa ya utumbo na kupenya ndani. Kwa kuwa kazi yake iko zaidi kwenye utumbo, sehemu nyingine za mwili huguswa kidogo. Lakini haina haraka: jiandae kusubiri hadi wiki 14 kabla ya kuamua kwamba imeshindwa.

Ozanimod ni kidonge, na kwa sababu hiyo watu hukichukulia kirahisi. Hugusa vipokezi viitwavyo S1P na kuzifungia limfositi, aina ya seli za kinga, kwenye tezi za limfu. Vipokezi hivyo viko hata moyoni, hivyo ECG, kipimo cha umeme wa moyo, hufanywa kwanza na dozi hupandishwa polepole kwa siku 7. Wenye kisukari au waliowahi kuugua retina wakaguliwe macho.

Usihangaike kutafuta kipimo cha jeni la NOD2, kipokezi kinachotambua bakteria, lililohusishwa na Crohn mwaka 2001. Wengi wenye mabadiliko kwenye jeni hilo hawaugui kamwe, na majibu yake kwa kawaida hayabadilishi dawa utakayopewa.

Mwenye mpango wa kupata mtoto aseme mapema. Ozanimod haitumiki wakati wa ujauzito. Infliximab mara nyingi huendelea, ila hupita kondo la nyuma, kwa hiyo wakunga wajulishwe kabla mtoto hajachomwa BCG, chanjo ya kifua kikuu ambayo nayo ina vimelea hai.